Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Gemu za Kale Inapogoma Kushusha Programu

Barua za safari hii zinatoka Arusha na Moshi, kwa wasomaji waliojiundia mashine ya gemu za kale kwa Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya kibao kimoja) na RetroPie (mfumo wa kuchezea gemu za kale juu yake). Malalamiko yanafanana: mashine inawaka, gemu zilizomo zinachezeka, ila ukiiagiza ishushe kitu kipya inakataa. Karibu wote wanalaumu mtandao. Katika barua sita tulizochagua, mtandao una hatia katika moja na nusu tu. Kwa hiyo usinunue bando jingine kabla hujasoma.

Amri zote zinaandikwa kwenye dirisha jeusi linalokuja ukibonyeza F4 kwenye kibodi ukiwa ndani ya RetroPie.

Msomaji wa Njiro, Arusha: Wataalamu, habari za kazi. Raspberry Pi 4 yangu ilikaa sandukuni kama wiki saba. Nimeirudisha mezani, natumia intaneti ya ofisini, ping inajibu vizuri. Lakini nikitaka kusasisha RetroPie inaandika "server certificate verification failed". Nikijaribu kwa curl inasema "certificate is not yet valid". Kinachonishangaza, tovuti nyingine zinakubali. Je, nimezuiwa?

Jibu: Hujazuiwa. Saa ya mashine imebaki nyuma. Andika `date` uone. Tunatarajia ikupe tarehe ya siku ile uliyoizima.

Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa yenye betri kama kompyuta ya mezani. Zina ujanja uitwao fake-hwclock: mashine huandika tarehe kwenye faili kabla ya kuzima, na ikiwaka huanza kuhesabu kutoka pale ilipoachia. Kwa kawaida hujirekebisha ndani ya dakika moja kwa kuuliza seva za saa kwenye intaneti, kupitia poti namba 123 ya UDP. Mitandao mingi ya ofisi na hosteli hufunga poti hiyo. Ping inapita, kurasa zinapita, saa haipiti.

Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayodhani leo ni wiki saba zilizopita ikikutana na cheti kilichotolewa wiki mbili zilizopita, huona hati ya siku ambayo haijafika, ikaikataa. Ndiyo maana tovuti hazifanani. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti nyingi za wapenzi wa gemu, vimekuwa vikidumu siku 90 na kubadilishwa karibu kila siku 60, hivyo vingi vitakuwa vimezaliwa mashine yako ikiwa sandukuni. Tovuti yenye cheti cha miezi kumi iliyopita itakupokea bila shida. Aliyechoma kadi upya kwa RetroPie 4.8 atakuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu toleo hilo ni la Machi 2022 na saa yake huanzia huko.

Anza na ukanda wa saa, kisha saa yenyewe:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo date -s "2025-08-16 14:20"`

Tarehe hiyo ni mfano, weka ya leo. Tena uwe makini, maana wengi huteleza hapa: mashine haijui saa za Kiswahili. Saa nane na dakika ishirini mchana ni 14:20, si 8:20. Usitumie `timedatectl set-time`, itakukatalia kwa sababu urekebishaji wa kujiendesha umewashwa. Ukimaliza jaribu tena kusasisha. Ikiwa tatizo lilikuwa hilo, itapita hapo hapo bila kuwasha upya.

Wapo watakaokushauri uongeze `--no-check-certificate` ili wget, amri ya kushusha mafaili, ifumbe macho. Usikubali. Unashusha programu itakayoendeshwa na mamlaka yote ya mfumo. Bila cheti huwezi kujua imetoka kwa nani.

Dawa ya kudumu ni kijisaa cha DS3231. Kile kidogo cha Raspberry Pi huchomekwa moja kwa moja kwenye pini za 1, 3, 5, 7 na 9, upande wa volti 3.3. Kikubwa chenye nafasi ya betri ya duara, kiitwacho ZS-042, kinahitaji waya nne: umeme pini 1, SDA pini 3, SCL pini 5, hasi pini 9. Usikipe volti 5. Kwanza utazipandisha pini za Pi kupita kiwango chake, pili kibao hicho kina njia ya kuchaji betri, na betri ya CR2032 haichajiwi, hutakiwa LIR2032. Kwenye `/boot/config.txt` ongeza mistari miwili:

`dtparam=i2c_arm=on`
`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Washa upya, ondoa ujanja wa zamani kwa `sudo apt-get -y remove fake-hwclock`, fungua `/lib/udev/hwclock-set` uweke alama ya # mbele ya mistari mitatu ya mwanzo inayotaja `/run/systemd/system` (wa `if`, wa `exit 0` na wa `fi`), kisha saa ikiwa sahihi andika `sudo hwclock -w`. Toka hapo sanduku halitaisahaulisha.

Msomaji wa Majengo, Moshi: Saa yangu iko sawa, nimehakikisha. Nikiandika `sudo apt-get update` naambiwa "404 Not Found" na kwamba ghala la buster "does no longer have a Release file". Je, RetroPie imekufa?

Jibu: Haijafa, duka limehama. Toleo la 4.8 limejengwa juu ya Raspbian Buster, mfumo wa 2019. Buster ulipozeeka, programu zake ziliondolewa kwenye ghala kuu zikapelekwa ghala la kumbukumbu. Mashine yako bado inabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Fungua:

`sudo nano /etc/apt/sources.list`

Penye `raspbian.raspberrypi.org` andika `legacy.raspbian.org`, sehemu nyingine ya mstari iache ilivyo. Ctrl na O kuhifadhi, Enter, Ctrl na X kutoka. Faili jirani, `/etc/apt/sources.list.d/raspi.list`, usiliguse. Rudia `sudo apt-get update`. Ikilalamika kwamba "Suite" imebadilika kutoka stable kwenda oldstable, ongeza mwishoni `--allow-releaseinfo-change`, mara moja tu.

Usijaribu kuivusha Buster kwenda toleo jipya kwa kubadilisha neno buster kuwa bullseye au bookworm ndani ya faili hilo. Madereva ya picha yamebadilika sana katikati, na mara nyingi mwisho wake ni kioo cheusi. Anayetaka mfumo mpya achukue kadi nyingine, achome Raspberry Pi OS Lite, aweke RetroPie juu yake.

Msomaji wa Kijenge, Arusha: Nashusha mafaili ya zip kwa wget kwenye waifai ya hosteli. Yanashuka haraka ajabu, sekunde moja, lakini unzip inaandika "End-of-central-directory signature not found". Nimerudia mara kumi.

Jibu: Hiyo haraka ndiyo ushahidi wenyewe. Andika `ls -lh` uone ukubwa, kisha:

`file jinalafaili.zip`

Likijibu "HTML document", basi hukushusha zip. Umeshusha ule ukurasa wa hosteli unaotaka uweke namba ya chumba na ubonyeze kukubali. Simu hukufungulia ukurasa huo, wget haina macho ya kuuona. Inaupokea kimya kimya na kuuhifadhi kwa jina uliloomba. Hutokea zaidi kwa anwani zinazoanza na http. Zile za https kwa kawaida hukatika au kulalamikia cheti, na hilo ni afadhali.

Futa mafaili yote hayo kwa `rm` kabla ya kujaribu tena. Tunasisitiza, kwa sababu ukitumia `wget -c` ya kuendeleza palipoishia, ukurasa wa hosteli utabaki kichwani mwa zip na kiwiliwili kitaunganishwa chini yake.

Kwa kuwa Pi haina kivinjari, ingia kwenye waifai ya hosteli kwa simu ya Android, kubali masharti, kisha unganisha simu na Pi kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu. Pi itaitambua yenyewe. Amri ya `ip a` itaonyesha kiunganishi kipya, mara nyingi usb0. Zima waifai ya Pi ili isichanganyikiwe ipite wapi. Hakikisha kebo ni ya data. Kebo nyingi za bei ya chini zina waya mbili tu za kuchaji, na hizo hazitafanya kitu hata ukizigeuza vipi.

Kama `file` imejibu "Zip archive data" na bado unzip inakataa, faili limekatika njiani. Orodha ya yaliyomo ndani ya zip hukaa mwishoni mwa faili, ndiyo hiyo unzip inayoitafuta na kuikosa. Hapo `wget -c` ni halali:

`wget -c -t 0 -T 30 anwani`

Yaani endelea palipoishia, jaribu bila kikomo, na usisubiri zaidi ya sekunde 30 penye ukimya. Bila hiyo ya mwisho wget huvumilia dakika 15 kabla ya kukata tamaa.

Mama wa Pasua, Moshi: Nilimnunulia mwanangu kadi ya GB 128 kwenye duka la simu mjini. Gemu za mwanzo zinacheza. Anazoshusha sasa zinafika asilimia mia, halafu zinafungua kioo cheusi. Nyingine zimepotea kabisa. Fundi anasema ni virusi.

Jibu: Pole mama. Si virusi. Dalili ulizoeleza ni za kadi ya bandia, na mtoto hana kosa.

Kadi hizo hutengenezwa kwa kuchukua kadi ndogo, tuseme ya GB 16, na kubadilisha maelezo yake ijitangaze kuwa na 128. Kompyuta inaamini inachoambiwa. Mpaka GB ya kumi na sita kila kitu ni sawa, ndiyo maana gemu za mwanzo ni nzima. Baada ya hapo kadi inapokea data, inaitikia "nimehifadhi", kisha inaitupa au inaiandika juu ya ya zamani. Kushusha kunafika asilimia mia kwa sababu mtandao ulifanya kazi yake. Aliyesema uongo ni kadi.

Kwanza nakili folda ya `/home/pi/RetroPie/roms` kwenye flashi au kompyuta, kwa sababu kipimo kinahitaji kadi tupu. Kwenye Windows kuna programu ya bure, H2testw: chagua kadi, chagua nafasi yote, bonyeza kitufe cha kuandika na kuhakiki. Kwenye Pi yenyewe, kadi ikiwa kwenye kisomeo cha USB, ni hivi:

`sudo apt-get install f3`
`f3write /media/usb0`
`f3read /media/usb0`

Badilisha njia kulingana na mahali kadi ilipofunguka. Ya kwanza inajaza kadi kwa mafaili ya GB 1 moja moja, ya pili inasoma na kulinganisha. Mwishoni tazama mstari wa "Data LOST". Kwenye kadi ya kweli huwa sifuri. Tenga muda. Kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde, kuandika GB 128 ni kama saa moja na dakika 47, na kusoma kunaongeza muda wake.

Ikithibitika, rudi dukani na risiti na picha ya matokeo. Pengine mwenye duka naye aliuziwa hivyo hivyo. Wala msijibane kuitumia "kwa kiasi kidogo tu", maana mara nyingi kilichomo ndani ni mabaki yaliyokataliwa kiwandani. GB 32 za kweli zinatosha sana kwa mashine za miaka ya 1980 na 1990: gemu moja ya Super Nintendo kwa kawaida haizidi MB 4, picha za majalada ndizo zinazokula nafasi.

Msomaji wa Ngarenaro, Arusha: Kaka zangu, nina banda la gemu. Nimeongeza diski ya nje kwenye Pi 4. Nikishusha kitu kwenda kwenye diski, katikati waifai inakatika na diski inapotea. Kuna alama ya radi ya njano kwenye kona ya kioo. Juzi umeme ulikatika nikiwa nasasisha, sasa apt, ile ya kuweka programu, haitaki kitu.

Jibu: Radi hiyo ni kilio cha njaa. Volti zimeshuka chini ya kiwango. Uliza mashine yenyewe:

`vcgencmd get_throttled`

`0x0` ni nzima. `0x50000` maana yake ilikosa umeme wakati fulani tangu iwashwe na kupunguza kasi. `0x50005` maana yake inateseka sasa hivi. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3 kwa USB-C, na chaja ya simu yenye kebo ndefu nyembamba hupoteza volti njiani hata kama imeandikwa ampea 3. Juu ya hapo, matundu yote manne ya USB kwa pamoja yanaruhusiwa ampea 1.2 tu, na diski ya kuzunguka inapoanza kuamka inaweza kula karibu ampea 1 peke yake, bado padi za wateja hazijahesabiwa. Tafuta chaja rasmi au inayolingana nayo, na diski iwe na umeme wake au ipitie habu yenye umeme wake.

Jambo la pili: diski za USB 3 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, palepale waifai inapokaa. Isogeze diski mbali kwa kebo ndefu kidogo, au hamia 5 GHz ikiwa ruta inayo.

Baada ya umeme kukatika katikati ya kusasisha, fuata mpangilio huu bila kuruka:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt-get -f install`
`sudo apt-get clean`
`sudo apt-get update`

Ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyoachwa nusu, ya pili inaleta vilivyokosekana, ya tatu inatupa vilivyoshuka vikiwa vimeharibika. Ukiona "Hash Sum mismatch" kwenye ya mwisho, futa orodha kwa `sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*` urudie. Kuhusu powabanki kama kinga ya umeme: nyingi hukata kwa kitambo kidogo zinapohama kati ya kuchaji na kutoa, na kitambo hicho kinatosha kuzima Pi. Ijaribu kwa kuchomoa ukutani kabla ya kuitegemea.

Na kwa kuwa ni biashara: gemu za zamani bado zina wenyewe. Sheria ya hakimiliki ya 1999 haiangalii umri wa kaseti, na kutoza watu pesa kwa nakala za kushusha ni hatari zaidi kuliko radi ya njano. Zipo gemu za bure halali, kama Freedoom, na nyingine nyingi zinazotungwa leo na wapenzi kwa ajili ya mashine za kale na kutolewa bila malipo.

Msomaji wa Marangu: Nina Pi 3 Model B. Hotspoti ya simu yangu haionekani kabisa, ya mke wangu inaonekana. Na nikitumia hiyo, `git clone` (amri ya kunakili programu kutoka ghala lake) ya RetroPie-Setup inafika katikati inaandika "early EOF". Kila nikirudia inaanza sifuri na kumaliza bando.

Jibu: Pi 3 Model B inasikia 2.4 GHz peke yake. Model B+ ndiyo iliyoanza kusikia 5. Ingia mipangilio ya hotspoti kwenye simu yako ubadilishe bendi iwe 2.4. Kwa iPhone, washa ile ya kuongeza upatanifu. Pia kwenye `sudo raspi-config`, sehemu ya nchi ya waifai, chagua TZ. Ikiwekwa Marekani, mashine haitaziona ruta zilizo kwenye chaneli ya 12 na 13.

Kuhusu git, huu ndio mtandao wenye hatia. Git haijui kuendelea palipoishia: uzi ukikatika kwenye asilimia 95, unaanza upya. Dawa ni kupunguza mzigo. Usichukue historia yote ya miaka, chukua hali ya leo tu:

`git clone --depth=1 https://github.com/RetroPie/RetroPie-Setup.git`

Kabla ya kurudia, futa folda iliyobaki nusu. Ndani ya RetroPie-Setup, ukiweka emuleta (programu inayoiga mashine ya kale), chagua kuweka kutoka kwenye faili lililokwisha kujengwa, usichague kujenga kutoka msimbo. Kujenga kunashusha vingi zaidi, na kwa Pi 3 yenye RAM ya GB 1 kunaweza kuchukua saa nzima kisha kukwama kwa kukosa kumbukumbu. Na kama ishara ya simu inayumba ndani ya nyumba, iache simu dirishani, ivute Pi ikaribie, uiunganishe kwa kebo ya USB kama tulivyomweleza msomaji wa Kijenge.